Daftari la Pili

Kwa miaka sita sasa mimi ndiye mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu hapa Nkuhungu, jijini Dodoma, na daftari la chama hulala kabatini kwangu pamoja na vitabu vya darasa la nne. Ni daftari kubwa lenye jalada gumu, nimelipiga mistari kwa mkono, na kila kaya ina ukurasa wake: shilingi 2,000 kwa mwezi, na shilingi 5,000 siku yanapotokea mauti. Nikilifungua naweza kumsimulia mtu historia ya mtaa huu kwa kufuata misiba yake, kwa kuwa kila kitu kimeandikwa humo: nani alitangulia, turubai lilikodiwa wapi, gari lililobeba mwili lilielekea Mvumi, Mpwapwa au Kondoa, mchele ulinunuliwa kilo ngapi, na wafiwa walikabidhiwa kiasi gani matanga yalipoanuliwa.

Jambo ninalotaka kulieleza lilianza Machi mwaka juzi, tulipomzika fundi baiskeli aliyekuwa na kibanda chini ya mwarobaini karibu na kituo cha bajaji. Alifariki alfajiri. Saa mbili asubuhi turubai lilikuwa limeshasimama, saa nne masufuria makubwa yalikuwa motoni, vijana walikuwa wamesomba maji madumu arobaini, na mimi nilikuwa nimeketi mkekani na daftari mapajani nikipokea michango ya watu waliopanga foleni kana kwamba wameitwa kwa kengele. Hadi magharibi nilikuwa nimehesabu shilingi milioni moja na laki mbili na ushee, bila kutaja unga, maharage, magunia mawili ya mkaa na mbuzi mmoja aliyeletwa na watu wa upande wa Kizota. Niliona fahari kuishi miongoni mwa watu wa namna hii, na hata leo fahari hiyo sijaitupa.

Siku ya nne nilikwenda na mwenyekiti wa chama kumkabidhi mjane kilichobaki, kama utaratibu unavyotaka. Alizipokea fedha kwa mikono miwili, akazihesabu, akazifunga katika pindo la kanga, akatushukuru. Mwenyekiti alipotangulia nje, mama yule alinishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mwezi wa kumi na mbili tulikwama kwa laki moja na elfu themanini za vipimo na dawa. Baba watoto alisema tusimsumbue mtu." Hakuwa analaumu. Alisema kama mtu anayekumbuka kitu alichokisahau mahali, kisha akageuka kumwogesha mtoto.

Usiku ule nilitafuta ukurasa wao katika daftari. Walikuwa hawadaiwi hata senti moja. Walilipa mchango wa Desemba, wakalipa wa Januari, na mwezi wa Februari walitoa shilingi 5,000 kwa ajili ya msiba wa nyumba ya nyuma, mwanamume akiwa kitandani bila dawa. Nilikuwa nimezipokea fedha hizo kwa mkono wangu, nikaweka alama ya vema, nikamwambia mama yule asante.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kwa nini mtaa unaoweza kupata milioni moja kwa siku moja kwa ajili ya maiti haukupata laki moja na themanini kwa mwezi mzima kwa ajili ya mtu aliyekuwa bado anapumua. Roho mbaya siioni, kwani watu ni walewale. Jibu nililolipata ni kwamba kifo kina tangazo lake. Kilio kinasikika, turubai linaonekana, redio inazimwa, na hakuna anayehitaji kuomba chochote kwa sababu ombi limekwisha kujisema lenyewe. Njaa na maradhi ya muda mrefu havina turubai. Mwenye shida anapaswa afungue mdomo wake mwenyewe, aseme mbele ya watu anaosalimiana nao kila siku kwamba hana, na kwa wengi wetu maneno hayo ni mazito kuliko kulala na maji.

Hapa Dodoma uzito huo umeongezwa na kejeli. Watu wa mikoa mingine wamezoea kumtaja Mgogo kama ombaomba, kwa sababu wapo watu wa vijiji vya mkoa huu ambao ukame ukizidi hushuka hadi Dar es Salaam na kuketi kandokando ya barabara. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, nimekaa na Wagogo zaidi ya nusu ya umri wangu, na naijua kejeli hiyo inavyowaumiza. Wengi wa majirani zangu wangependa kuuza bati la paa kuliko kusikika wakiomba, ili tu wasimpe mtu nafasi ya kusema neno lile.

Nilipohamia mjini mwaka 2011 nilipanga chumba Chang'ombe, katika nyumba ya vyumba sita yenye uwanja mmoja, bomba moja na choo kimoja. Majiko yote tulikuwa tunayawasha nje, kila mtu mbele ya mlango wake. Aliyekosa unga alijulikana kabla jua halijazama, kwa sababu jiko lake lilikuwa halijatoka. Hakuna aliyemuuliza. Mama mmoja wa chumba cha mwisho, aliyekuwa anauza mihogo ya kukaanga, alikuwa na maneno yake ya siku kama hizo: "Jamani, leo nimekosea kipimo, njooni mnisaidie kumaliza ugali huu usilale." Mwaka mzima yule mama alikosea kipimo. Mara mbili alikosea kwa ajili yangu, mshahara wangu wa kwanza wa ualimu ulipochelewa, na mimi nilikula nikiamini kwamba namsaidia.

Uwanja ule ndio tulioupoteza tulipopata viwanja vyetu. Serikali ilipotangaza Julai 2016 kwamba inahamia Dodoma, mji ulianza kupanuka kwa kasi tusiyoizoea. Aprili 26, 2018 ukawa jiji, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 katika jiji hili. Mashamba ya uwele yaliyokuwa nyuma ya nyumba yangu yamekuwa nyumba za kupangisha, na kila anayemaliza kupaua hujenga ukuta na kuweka geti la chuma. Siwalaumu, maana hata mimi nina ukuta. Lakini nyuma ya ukuta jiko lisilotoka halionekani, wala hakuna wa kukosea kipimo.

Aprili ile, wiki tatu baada ya mazishi ya fundi, niliomba ajenda katika mkutano wa chama. Tulikutana Jumapili jioni, watu zaidi ya hamsini, na nilisema nililokuwa nalo bila kumtaja mjane: kwamba katiba yetu inatambua mtu akishafariki, nami naomba imtambue mapema zaidi. Nilipendekeza kila kaya iongeze shilingi 1,000 kwa mwezi, ziwekwe mbali, ziwe za walio hai.

Upinzani ulikuwepo na ulikuwa wa haki. Mama mmoja mwenye saluni alisema kwamba msiba hauigizwi, lakini shida huigizwa, na atakayejua nani ana shida ya kweli ni nani? Kijana wa duka la vifaa vya umeme alihofia watu watazoea. Mwingine alisema kwamba ipo serikali, wapo ndugu, upo mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, na chama chetu hakikuundwa kwa kazi hiyo. Nilikuwa na majibu ya baadhi ya hoja, mengine sikuwa nayo, na mkutano ulikuwa unaelekea kunishinda.

Aliyeugeuza ni mzee mmoja mstaafu wa reli, Mgogo wa huko Bahi, ambaye huzungumza mara chache na akisimama hutusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi", hata sisi tusio Wagogo. Alituuliza kama tunajua kwa nini Wagogo huzipa njaa majina. Akatusimulia ya Mtunya, njaa iliyoipiga Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake: majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua wanaume wakabebe mizigo, kisha mvua nayo ikakataa. Bibi yake aliiona akiwa msichana. Aliwaambia wajukuu kwamba watu walitawanyika kwenda kuhemea kila upande ambako ilisikika kuna punje, na waliofika kwenye nyumba ya mtu hawakuanza kwa kusema wana njaa. Walichukua jembe na kuingia shambani kwa mwenyeji. Mwenyeji naye hakuwauliza. Jioni aliwapimia. "Kuhemea si kuomba," alisema yule mzee. "Anayehemea ana mikono na ana jina. Mkianzisha jambo hili, lianzisheni hivyo, au mliache."

Kaya 47 kati ya 58 zilikubali. Kumi na moja zilikataa, na tuliweka kwa maandishi kwamba zisisumbuliwe wala kusemwa, na kwamba zikipatwa na msiba zitazikiwa kama nyingine. Tulichagua watu watatu wa kusikiliza shida, mmoja wao akiwa mzee wa reli, na mimi nikaongezwa kama mshika fedha. Nilinunua daftari jingine. Katika hili la pili hakuna majina: kuna tarehe, namba, kiasi na sababu kwa maneno mawili au matatu. Orodha ya namba na majina ipo vichwani mwa watu wanne, na tuliapa, Waislamu kwa Wakristo, kwamba itabaki humo.

Pamoja na kiapo hicho, jambo la kwanza tulilolifanya tulilikosea vibaya, na kosa lilikuwa langu zaidi kuliko la mwingine yeyote. Kuna bibi mmoja mwisho wa mtaa anayelea wajukuu watatu. Binti yake alifariki, na baba wa watoto hajulikani alipo. Alikuwa anaponda kokoto miambani hadi macho yalipoanza kumsumbua, kisha akabaki na vibarua vya mashamba ya mizabibu, ambavyo huwa vingi wakati wa kukata matawi na wa mavuno na vichache kabisa katikati. Tulijua hali yake kwa sababu mjukuu wa kati alitumwa kuazima chumvi nyumba tatu tofauti ndani ya wiki moja. Nilinunua mfuko wa kilo 25 za sembe, lita tatu za mafuta na sabuni, nikawaomba vijana wawili wapeleke kwa toroli mchana kweupe. Mmoja wao, kwa nia njema kabisa, alipiga picha bibi akiwa amesimama kando ya mfuko na kuituma kwenye kundi la mtaa la WhatsApp, akiandika kwamba chama kimeanza kazi.

Kesho yake jioni mjukuu mkubwa, mvulana wa darasa la sita, alisimama getini kwangu na toroli. Mfuko ulikuwa haujafunguliwa. "Shikamoo Mwalimu. Bibi amesema asante, lakini unga huu si wetu." Shuleni alikuwa ameshaitwa mtoto wa unga.

Nilikwenda kuomba radhi mara mbili, na mara zote mbili mlango ulikuwa umerudishwa. Mara ya tatu nilimkuta uani akichambua mlenda uliokauka, akitenga vijiti na majani. Niliketi chini, nikaanza kuchambua pamoja naye, na kwa muda mrefu hatukusema neno. Mwishowe alinena bila kuinua macho: "Mwanangu, mimi nimelima. Nimewahi kulisha watu mimi. Mnipe kama mnataka kunipa, lakini msinifanye mtu wa kuonyeshwa." Niliyabeba maneno hayo hadi kwa wenzangu watatu kama yalivyo, na ndiyo yaliyotutengenezea utaratibu tulio nao hadi leo.

Utaratibu wenyewe unapitia dukani. Kila mtaa una duka la Mangi, kama tunavyomwita muuza duka, na kila Mangi ana daftari lake la madeni, ambalo kwa kweli linaijua njaa ya mtaa kuliko mwenyekiti wa mtaa, mtendaji na balozi wote wakiwekwa pamoja. Anayekopa unga robo leo na robo kesho, aliyeacha sukari, aliyerudi kwenye kibatari wakati umeme umefika hadi mlangoni kwake, wote wamo. Tulimwomba Mangi asituonyeshe daftari, maana hizo ni siri za wateja wake, bali deni la mtu likifika mahali ambapo angelazimika kumkatalia, amwambie mmoja wetu. Sisi tunalipa sehemu ya deni, na yeye anamwambia mteja, "Deni lako limepungua, endelea kuchukua." Bibi alipoambiwa hivyo alisimama kidogo, akauliza limepunguzwa na nani. Mangi alijibu, "Na watu wako." Hakuuliza zaidi. Alichukua unga, akachukua na chumvi.

Wiki iliyofuata mjukuu yuleyule alileta nyumbani kwangu kifurushi cha mlenda mkavu uliotwangwa. Asiye wa kanda hii huenda asielewe uzito wa zawadi hiyo. Mlenda wa porini huota mvua zinaponyesha. Huchumwa, hukaushwa juani, hutwangwa na kuhifadhiwa, na ukiupika kwa magadi na karanga ndio mboga ya miezi yote ambayo shamba halina kitu cha kijani. Kifurushi kile kilikuwa akiba ya bibi ya wiki nzima. Sauti moja ndani yangu ilitaka kukirudisha, nikaikataa. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikampikia mume wangu usiku uleule, na asubuhi nilipita kumwambia bibi kwamba karanga nilizidisha. Alicheka, akanifundisha kipimo chake. Mlango wake haujarudishwa tena.

Nimejifunza pia kuifuata kalenda ya shida. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na kwa wastani ni milimita 570 hivi kwa mwaka, tena zikiwa na tabia ya kusimama wiki tatu wakati mtama umeshatoka. Nafaka iliyovunwa Mei na Juni huanza kuisha majumbani kuanzia Novemba, bei ya debe la mahindi hupanda, na Januari shule hufunguliwa. Elimu ya msingi haina ada, nami kama mwalimu nimeona watoto wangapi jambo hilo limewaingiza darasani, lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa uji havijafutwa na mtu. Kwa hiyo daftari la pili huwa jembamba kuanzia Juni hadi Oktoba, na kuanzia Desemba linaandikwa karibu kila wiki. Mwaka huu tuliamua kununua magunia manane ya mahindi Kibaigwa mwezi wa Julai, bei ikiwa chini, na kuyahifadhi stoo kwa mzee wa reli. Ni uamuzi mdogo, lakini umetuokolea karibu theluthi ya fedha.

Hata hivyo msaada mwingi tunaoutoa si wa fedha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema kwamba mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo, lakini mzee asiyejua kusoma, asiyeona vizuri na asiye na nauli hawezi kuifuata haki hiyo peke yake kutoka kwa mtendaji hadi dirishani. Anahitaji mtu wa kukaa naye kwenye foleni na kusema kwa adabu, bila kuondoka, kwamba barua hii ina mhuri na mzee huyu ana haki. Mjane wa fundi ndiye aliyejitokeza kwa kazi hiyo. Alisema kwamba foleni za hospitali anazijua zote, na kwamba safari hii angependa kuzipanga zikiwa na faida. Kaya nne tulizilipia shilingi 30,000 za bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ambayo ilikuwa inatosha watu sita kwa mwaka, na moja kati ya hizo ilitumia bima hiyo mwezi wa pili tu, mtoto alipougua homa ya mapafu. Waliostahili kuingia kwenye ruzuku ya TASAF tuliwahimiza wafike mkutano wa mtaa siku ya kutambua kaya, kwa sababu wenye shida kubwa ndio wasiofika mikutanoni, wapo kibaruani.

Nilidhani kwamba kwa kupitia kwa Mangi tumeipata njia ya kuwajua wote. Oktoba mwaka jana mtoto mmoja wa darasani kwangu alianza kusinzia kila kipindi cha tatu. Anatoka katika nyumba yenye ukuta mrefu, geti jeusi na gari, baba yake mwajiriwa mwenye mshahara wa kila mwezi. Nilimwita kando, nikamuuliza analala saa ngapi. Akanijibu: "Mwalimu, siku hizi asubuhi hatunywi chai."

Nyuma ya geti lile kulikuwa na mkopo wa kausha damu. Mama wa nyumba alikopa laki tano ili kumalizia karo ya kijana wao mkubwa chuoni, riba ikawa inaizaa riba nyingine, akakopa kwa mwingine kumlipa wa kwanza, na hatimaye mkopeshaji akawa anashikilia kadi ya benki ya baba pamoja na namba yake ya siri, akitoa mshahara siku unapoingia na kuwaachia nauli. Friji lilikuwa limeshachukuliwa, na televisheni pia. Dukani hawakuwa na deni hata la kiberiti, kwa sababu waliona aibu kukopa kwa Mangi huku gari likiwa limeegeshwa uani bila mafuta. Mimi mwenyewe nina walimu wenzangu walioachia kadi zao kwa namna hiyo, na bado sikuwahi kufikiri kwamba nyuma ya ukuta ule kuna watoto wanaolala bila kula.

Mfuko wetu hauwezi kulipa deni la namna ile, na tulisema hivyo waziwazi. Tulichoweza ni kuwapa chakula kwa miezi mitatu, kwa njia ambayo hata Mangi hakuijua, huku jirani mmoja anayefahamu sheria akiandamana na baba benki kubadilisha kadi, kisha kwa mkopeshaji, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kuandikiana upya deni la msingi na tarehe za kulilipa. Baba yule alikuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja waliokataa kuchangia. Hakuna aliyemkumbusha. Mwezi wa nne alikuja nyumbani kwangu usiku na shilingi 4,000, michango ya miezi minne, akaomba risiti.

Yapo tuliyoshindwa. Kijana mmoja wa bodaboda tulimkopesha laki moja atengeneze injini, akahama kabla ya mwezi kwisha, na waliokuwa na mashaka tangu mwanzo walisimama mkutanoni kwa haki yao yote. Hilo la fedha lilipita. Lisilopita ni la mzee mmoja aliyepanga chumba cha nje katika nyumba ya mtu aishiye mkoa mwingine. Hakuwa mwanachama, hakuwa mteja wa Mangi, alikuwa anasalimia kwa kuinua kofia na kuendelea na safari yake. Siku tulipovunja mlango, jikoni kwake kulikuwa na chumvi na jani moja la chai. Tulimzika vizuri, kwa turubai na masufuria, watu wengi, na michango ilifika laki tisa. Yumo katika daftari la kwanza. Katika lile la pili hakuna mstari wake hata mmoja, na kila ninapoyafungua yote mawili pamoja huwa naanza kwa kuliangalia pengo hilo.

Baada ya msiba ule tuligawana nyumba. Kila mmoja ana nyumba kumi na tano za kupita, haingii kuhoji, anabisha hodi kuulizia kuku aliyepotea, au kuleta limau, au kuulizia kama maji yametoka. Mjane wa fundi aliingia nafasi ya mzee wa reli, ambaye miguu imemchoka, na kwa kazi hii amezaliwa. Amerudisha desturi ya zamani ya kuangalia majiko, ziwepo kuta au zisiwepo. Anajua ni nani anayewasha saa ngapi kwa harufu ya mkaa na kwa mlio wa kifuniko.

Jumatano iliyopita, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekata, alisimama getini kwangu na ndala zimejaa tope. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi.

"Mwalimu, ile nyumba ya bati jekundu, wale wapangaji wapya kutoka Manyoni."

"Wana nini?"

"Tangu Jumatatu sijasikia jiko."

Nilifunika kalamu, nikachukua kanga na vikombe viwili vya unga kwenye sahani iliyofunikwa, tukaenda kuwaambia kwamba nimekosea kipimo.